Daktari aliyezibua moyo akiwa kilomita 32 mbali na mgonjwa: tumwige Tejas Patel kwenye roboti au kwenye kifundo cha mkono?

Mwana wa Chumbageni (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Mapema Desemba 2018, ndani ya eneo la hekalu la Akshardham mjini Gandhinagar, jimbo la Gujarat nchini India, daktari bingwa wa moyo Tejas Patel aliketi mbele ya skrini na vijiti vya kuongozea, akazibua mshipa wa moyo wa mtu aliyekuwa amelazwa katika hospitali yake, Apex Heart Institute ya Ahmedabad, takribani kilomita 32 kutoka pale alipokaa. Kwa siku mbili wagonjwa watano walitibiwa namna hiyo. Hakukuwa na mtu kabla yake aliyewahi kuweka stenti kwenye moyo wa binadamu akiwa nje kabisa ya hospitali anamotibiwa mgonjwa.

Habari hii hurudi humu kila baada ya miezi kadhaa, na kila ikirudi huishia kwenye mshangao: wengine husema Wahindi wametuacha mbali, wengine husema na sisi tununue mashine hiyo, kisha uzi hufa. Mimi si daktari. Niliuza vifaatiba kwa miaka kadhaa, na kazi hiyo iliniingiza katika maabara za katheta mara nyingi, nikiwa nimevaa koti la kuazima la madini ya risasi, lile la kukinga mionzi, nikisimama pembeni kujibu maswali kuhusu boksi gani lina puto la kipimo gani. Kutokana na niliyoyaona huko nimefikia maoni ambayo ningependa yapingwe na wenye ujuzi zaidi: kazi ya maisha ya Patel inaeleweka vizuri ukianzia kwenye kifundo cha mkono cha mgonjwa, na ukianzia kwenye roboti utaikosa karibu yote.

Kwa wasiozoea, nieleze kwa ufupi. Mishipa inayoulisha moyo wenyewe damu ikisinyaa kwa mafuta, njia mojawapo ya kuizibua bila kufungua kifua ni kupitisha mrija mwembamba, yaani katheta, kutoka kwenye mshipa wa mbali hadi kwenye mdomo wa mshipa wa moyo. Ndani ya katheta hupita waya wenye unene wa takribani milimita 0.36, juu ya waya hupita puto, na puto likijazwa husukuma mafuta pembeni na kuacha kijineli cha wavu wa chuma ambacho ndicho stenti. Andreas Grüntzig alikuwa wa kwanza kulifanya hili kwa puto peke yake katika moyo wa mgonjwa aliye macho, mjini Zurich, tarehe 16 Septemba 1977. Stenti zilifuata mwaka 1986.

Kwa miaka mingi mlango wa kuingilia ulikuwa kinena. Mshipa wa paja ni mpana na rahisi kuupata kwa sindano, lakini umejificha ndani, na ukivuja damu huweza kujikusanya bila mtu kuiona mpaka presha ya mgonjwa iporomoke. Ndiyo maana mgonjwa alilazwa chali kwa saa kadhaa na kukatazwa kukunja mguu, huku nesi au daktari akikandamiza kinena kwa nguvu zake zote. Mwaka 1989 Lucien Campeau wa Montreal alionyesha kwamba picha za mishipa ya moyo zinaweza kupigwa kwa kupitia ateri ya kifundo cha mkono, ile ile tunayoishika tunapohesabu mapigo. Mwaka 1992 Ferdinand Kiemeneij, huko Amsterdam, akaanza kuzibua mishipa ya moyo kwa puto kwa njia hiyo, na baadaye kuweka stenti. Wengi waliona ni mchezo wa watu wenye muda wa kuchezea, kwa sababu mshipa wenyewe una upana wa milimita mbili na nusu hivi na katheta inayotumika sana ina upana wa milimita mbili. Ukiushtua, unakaza na kuibana katheta kama mlango uliovimba kwa mvua.

Patel ni miongoni mwa walioishika njia ya mkono mapema nchini India na kuing'ang'ania. Aliifanyia kazi katika mji ambao wagonjwa ni wengi kupindukia, akaandaa mikutano ya mafunzo iliyovuta madaktari kutoka nchi nyingi, akaandika vitabu vya kufundishia pamoja na mwenzake Sanjay Shah, na zaidi ya yote akashughulikia vile vikwazo vidogo vinavyomfanya daktari wa kawaida aghairi na kurudi kinena. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye utamu.

Mishipa ya mkono hupinda. Kwa watu wazima wenye presha ya muda mrefu, hasa akina mama wafupi wa kimo, mshipa unaweza kuzunguka mzingo mzima kabla ya kufika begani. Katheta ina mdomo wenye ukingo mkali. Ukiisukuma kwenye kona kama hiyo, ule ukingo hukwangua ukuta wa mshipa, mgonjwa hulia kwa maumivu, mshipa hukaza, na safari huishia hapo. Patel, Shah na Samir Pancholy wa Marekani walichapisha mbinu ambayo ukiisikia unajiuliza kwa nini haikufikiriwa zamani: unapitisha puto dogo ndani ya katheta hadi nusu yake ichungulie nje ya mdomo, unalijaza kwa shinikizo dogo, na sasa katheta ina pua laini ya mviringo badala ya wembe. Kisha vyote viwili vinasukumwa pamoja na kupita konani bila kukwangua. Haihitaji mashine yoyote mpya, kwa kuwa puto limo kabatini tayari. Niliwahi kusimama katika chumba ambacho daktari kijana alijaribu kona moja kwa robo saa, akakata tamaa, na bosi wake akamwambia alete puto la milimita mbili; katheta ilipita kabla sijamaliza kuandika namba ya boksi kwenye daftari langu.

Sasa tuje kwenye roboti. Haikubuniwa Ahmedabad. Mawazo yake ya awali yalitoka kwa Rafael Beyar na wenzake huko Haifa, Israel, waliojaribu mfumo wa kuongoza waya kutoka mbali katika miaka ya mwanzo ya 2000, na kampuni iliyozaliwa huko ikaitwa Corindus. Mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani iliiruhusu mashine ya kwanza, CorPath 200, mwaka 2012, na toleo lililofuata, CorPath GRX, mwaka 2016. Msukumo wa mwanzo haukuwa umbali hata kidogo. Msukumo ulikuwa afya ya madaktari wenyewe. Daktari wa fani hii husimama kando ya mionzi siku nzima akiwa amebeba koti la risasi la kilo kadhaa, na baada ya miaka 15 au 20 mgongo na shingo huanza kudai deni. Ariel Roguin, pia wa Haifa, alikusanya taarifa za madaktari waliopata uvimbe wa ubongo. Kati ya wale ambao upande wa uvimbe ulijulikana, asilimia 85 ulikuwa upande wa kushoto, ambao ndio unaoelekea chanzo cha mionzi. Mkusanyo wa namna hiyo si ushahidi wa kutosha wa kisababishi, lakini mtu anayesimama pale kila siku hawezi kuusoma na kulala vizuri. Utafiti wa PRECISE uliochapishwa 2013, wenye wagonjwa 164, ulionyesha kwamba daktari anayeongoza roboti akiwa ndani ya kibanda chenye kinga hupata mionzi pungufu kwa asilimia 95 hivi kuliko anayesimama kitandani.

Patel aliitumia mashine hiyo kwanza ndani ya hospitali yake, akiwa mita chache kutoka kwa mgonjwa, mpaka akaizoea. Ndipo likaja swali ambalo sasa linaonekana la wazi: kama kati ya mkono wangu na waya kuna kebo, kwa nini kebo isiwe ndefu? Ryan Madder wa Grand Rapids, Michigan, alikuwa ameshalijaribu akiwa katika chumba tofauti na alipolala mgonjwa. Patel akaipeleka kebo mji wa pili. Matokeo yaliyochapishwa 2019 katika jarida la EClinicalMedicine yanasema kazi zote tano zilikamilika, na kwamba kuchelewa kwa ishara kati ya mkono wa daktari na mwendo wa waya kulikuwa kama milisekunde 53, muda ambao binadamu hauhisi.

Hata hivyo tusisahau nani alikuwa Ahmedabad. Kulikuwa na timu nzima kitandani: mtu aliyechoma sindano na kuingiza katheta kwa mkono, mtu wa kubadilisha puto na stenti kwenye kaseti ya roboti (kisanduku kinachoshika waya na puto), wauguzi, na daktari mwenye uwezo wa kuchukua usukani papo hapo kama mtandao ungekatika au mshipa ungepasuka. Wagonjwa walichaguliwa: kila mmoja alikuwa na mshipa mmoja wenye tatizo lisilo tata, na walikuja kwa miadi. Tuliyemwona kwenye picha alikuwa mtu mmoja na skrini yake, na nadhani picha hiyo ndiyo inayotupotosha.

Hoja yangu, basi, ni hii. Roboti ilihamisha mikono ya bingwa, haikuhamisha maabara ya katheta. Kwetu Afrika Mashariki kinachokosekana mikoani ni maabara yenyewe pamoja na watu wake, kwa hiyo mtu anayepata shambulio la moyo Sumbawanga au Lodwar hasaidiwi na vijiti vya kuongozea vilivyoko Dar es Salaam au Nairobi. Njia ya mkono na mbinu zake ndogondogo, kwa upande mwingine, zinasafiri ndani ya kichwa cha mtu mmoja aliyefundishwa. Karibuni.

---

Kaka Tafakuri

Ndugu mleta uzi, nakupongeza kwa maelezo marefu, ila umemwonea haya mzee huyu. Wagonjwa watano, wote wenye tatizo jepesi, wote wamepangiwa siku, daktari ameketi hekaluni, waandishi wa habari wamejaa: mimi naliita onyesho. Kwa nini hekaluni? Hospitali nyingine isingefaa? Sayansi ikianza kuhitaji jukwaa, mimi huanza kushika mfuko wangu.

---

Mwana wa Chumbageni

Kaka Tafakuri, sikukatalii kwamba lilikuwa pia onyesho. Patel ni muumini wa Swaminarayan, jumuiya ambayo hata sisi tunaijua kwa mahekalu yake Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na kwake mahali pale palikuwa na maana ya ibada. Lakini fani hii imekulia jukwaani tangu ilipozaliwa. Grüntzig alibandika matokeo ya majaribio yake ya mbwa kwenye mkutano wa madaktari wa moyo Miami mwaka 1976, wengi wakapita bila kusimama. Baadaye alipoanza kuwafundisha wenzake, aliwakalisha mbele ya skrini wamtazame akifanya kazi moja kwa moja, pamoja na makosa yake. Onyesho ambalo mtu anaweza kushindwa mbele ya watu lina uzito kuliko ripoti iliyochujwa. Kuhusu wagonjwa wepesi, ningemlaumu zaidi kama angeanza na wagumu.

Hata serikali yake haikusubiri roboti kumtambua. Alipewa nishani ya Padma Shri mwaka 2015, miaka mitatu kabla ya tukio hilo, na Padma Bhushan mwaka 2024.

---

Fundi wa Mitambo

Nimefanya kazi ya matengenezo ya mitambo ya hospitali kwa miaka 14, kwa hiyo niruhusiwe kuleta upande ambao mleta uzi ameupitia haraka, pengine kwa kuwa watu wa mauzo huondoka baada ya mashine kufungwa.

Kwanza, mtandao si kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani. Madder, ambaye mleta uzi amemtaja, aliendelea na majaribio ya maabara akichelewesha ishara kwa makusudi, na madaktari hawakuona shida mpaka ucheleweshaji ulipozidi robo ya sekunde. Baadaye timu yake ilijaribu kwenye mishipa ya mfano, si kwa wagonjwa, kutoka upande mmoja wa Marekani hadi mwingine, umbali wa zaidi ya kilomita 4,900, na kazi ikafanyika. Mkongo wetu wa taifa, siku ukiwa mzima, unaweza kubeba ishara hizo kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Tatizo ni yale maneno niliyotumia: siku ukiwa mzima. Daktari anaweza kuvumilia ucheleweshaji mdogo usiobadilika, maana mkono wake huuzoea, lakini mtandao unaokwenda vizuri kwa dakika tano na kusita kwa sekunde mbili ni hatari kuliko ule wa polepole.

Pili, kaseti. Mkono wa roboti hubaki, lakini kile kisanduku kinachoshika waya na puto hutupwa baada ya mgonjwa mmoja. Kwa hiyo bei ya roboti si bei ya roboti. Ni bei ya kaseti mara idadi ya wagonjwa, juu ya gharama ya stenti ambayo tayari familia zinauza shamba kuilipia.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 2019 Siemens Healthineers waliinunua Corindus kwa dola bilioni 1.1. Miaka minne baadaye, mwaka 2023, walitangaza kuacha matumizi yake ya mishipa ya moyo na kuelekeza nguvu kwenye mishipa ya ubongo. Kampuni tajiri kiasi hicho, na hospitali zilizokwisha kununua zikabaki zikijiuliza vipuri vitatoka wapi. Sasa fikirini hospitali ya huku. Nimewahi kukaa miezi mingi katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, nikisubiri kifaa kimoja cha mtambo wa eksirei ambacho hakizidi ukubwa wa kitabu. Wagonjwa walirudishwa, na madaktari waliosomeshwa nje wakawa wanaangalia presha za watu kliniki. Mtambo ule ulikuwa wa aina inayouzwa dunia nzima. Ungekuwa wa aina ambayo mtengenezaji ameiacha, tungeufunika shuka na kuugeuza meza.

---

Kaka Tafakuri

Fundi, hapo umenishinda. Lakini ina maana basi kwamba Patel alipoteza muda wake?

---

Fundi wa Mitambo

Hapana, mkuu. Alithibitisha kwamba kebo inaweza kuwa ndefu, na hilo halifutiki kwa sababu kampuni imebadilisha biashara. Wapo wengine walioifuata njia hiyo, kwa mfano Robocath ya Rouen, Ufaransa, waliotengeneza roboti yao ya mishipa ya moyo. Na kule kwenye ubongo kuna mantiki nzuri zaidi ya umbali kuliko kwenye moyo: mtu mwenye kiharusi anahitaji bingwa adimu sana ndani ya saa chache, ilhali bingwa wa kuweka stenti ya moyo si adimu kiasi hicho katika nchi zinazoweza kununua roboti. Nadhani walionunua waliona hivyo.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nawasalimu wote. Nimesoma tangu mwanzo, nami ni muuguzi katika maabara ya katheta, hivyo niseme yale ninayoyaona kwa macho.

Mleta uzi ameandika vizuri kuhusu kuingia, ila hakuandika kuhusu kutoka, na kutoka ndiko kazi yetu. Tukimaliza, tunavuta mrija na kufunga kwenye kifundo bangili ya plastiki yenye kiputo cha hewa. Tunajaza hewa kwa bomba la sindano, mililita 13 au zaidi kidogo, mpaka damu isimame. Wengi wanaoanza hujaza na kuondoka wakidhani kadiri inavyobana ndivyo inavyofaa. Si hivyo. Ukiibana mpaka damu isipite kabisa, mshipa unaganda kwa ndani, na mgonjwa hatajua kwa sababu mkono una ateri mbili na ile ya pili humlisha vidole. Inatakiwa ulegeze polepole mpaka utone kidogo, kisha urudishe hewa kiasi cha kuzuia tone hilo tu, huku damu ikiendelea kupita chini yake. Pancholy huyo huyo aliyetajwa juu ndiye aliyeonyesha katika utafiti wake uliochapishwa 2008 kwamba kufunga kwa namna hii hupunguza sana mishipa inayoziba. Halafu kila baada ya muda unatoa hewa kidogo kidogo, unaangalia, unaandika.

Kuhusu faida, mimi sihitaji kusoma tafiti, lakini kwa anayetaka, utafiti wa RIVAL wa mwaka 2011 uliohusisha wagonjwa 7,021 uliona madhara makubwa ya mshipa wa kuingilia kwa asilimia 1.4 ya waliopitia mkono, dhidi ya asilimia 3.7 ya waliopitia paja. Mimi naona tofauti kwenye shuka. Enzi ya kinena tulikuwa tunafunua shuka kila nusu saa kuangalia kama limelowa. Sasa mgonjwa anaketi, anakwenda msalani mwenyewe, na swali lake la kwanza, kwa kuwa mara nyingi tunapita mkono wa kulia, ni atakulaje ugali. Mama mmoja alikataa kulishwa na mkwewe, akakataa kutumia mkono wa kushoto, akangoja bangili itolewe ndipo akala, saa tano usiku, chakula kikiwa kimepoa. Tangu siku hiyo huwa nauliza kabla ya kuandaa mkono: unakula kwa upi, na unafanya kazi gani. Daktari wetu hana shida kupita kushoto, ila anainama zaidi, na mgongo wake si wa kijana tena.

Na hapo ndipo naweza kuitetea roboti kidogo. Makoti ya risasi ninyi mnayazungumzia kama hadithi. Mimi navaa kwa saa saba. Mtu akiniambia kuna kibanda ambacho daktari anaketi bila koti, namfurahia daktari, kisha nauliza: na mimi niliyebaki kitandani kubadilisha kaseti, nitaketi wapi?

---

Mwana wa Chumbageni

Dada Nesi, swali lako la mwisho sijawahi kulisikia likiulizwa kwenye mkutano wowote wa mauzo, na nimehudhuria mingi. Ile asilimia 95 ya PRECISE ilipimwa kwa daktari aliye kibandani. Nilipoiandika nilimwazia yeye peke yake, nakiri.

---

Mjukuu wa Mama Zena

Mimi nina jambo linalohusu Ahmedabad lenyewe. Baba yangu mdogo alitibiwa mji huo miaka michache iliyopita, si katika hospitali ya daktari anayezungumziwa, bali katika nyingine ambayo haina haja ya kutajwa. Hakukutana na roboti yoyote. Alipitishiwa mkono wa kulia, akawekewa stenti mbili, na siku ya pili alikuwa anatembea barazani akisalimiana kwa Kiswahili na mgonjwa kutoka Mombasa aliyekuwa chumba cha tatu. Kwa upande wa ufundi sina neno. Walimheshimu na kumtibu vizuri.

Shida ilianza nyumbani. Alipewa dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwenye stenti, asipirini na klopidogreli, za miezi mitatu. Zilipokwisha, alijua dozi imekwisha, kama dozi ya malaria inavyokwisha. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza kilichojaa vifupisho. Wiki ya tano bila dawa alipata shambulio la moyo, stenti moja ikiwa imeziba. Alipona, namshukuru Mungu, baada ya kuzibuliwa tena Dar es Salaam, lakini madaktari walihangaika mwanzoni kwa sababu hatukuwa na santuri ya picha zake wala kadi ya stenti. Vyote vilikuwa vimebaki katika begi lililopotea uwanja wa ndege.

Ninapowasikia watu wanabishana kuhusu umbali wa kilomita 32, nakumbuka umbali kati ya daktari aliyeweka stenti na mtu wa kumwambia baba mdogo kwamba vidonge haviishi.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Pole sana, ndugu yangu. Jambo hilo tunalipokea kila mwezi. Niwaombe wote mnaosoma, mwenye mzazi aliyewekewa stenti: usikubali dawa hizo ziachwe kwa ushauri wa duka la dawa wala wa jirani. Ile ya pili ina muda wake, mara nyingi miezi 6 hadi 12 au zaidi, na anayeuamua ni daktari wake wa moyo. Asipirini kwa wengi haina mwisho. Kadi ya stenti ipigeni picha kwa simu, na picha za mishipa zinakilishwe mahali pawili. Hata mgonjwa akitaka kung'olewa jino, aulize kwanza kabla ya kuacha kidonge hata kimoja.

---

Kaka Tafakuri

Narudi kwa mleta uzi. Umesema njia ya mkono inasafiri ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Kwa hiyo mtu wa Sumbawanga bado hujamsaidia, maana huko hakuna maabara hata ya kupitishia mkono. Je, hoja yako haijipigi yenyewe?

---

Mwana wa Chumbageni

Inajipiga kwa sehemu, na nashukuru umeiona. Kwa mtu wa Sumbawanga aliyepata shambulio usiku huu, msaada ni kipimo cha umeme wa moyo kilichosomwa haraka, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ikiwa hospitali inayo na masharti yake yametimia, kisha gari la kumsafirisha. Hakuna katheta katika sentensi hiyo. Kitu pekee kinachofaa kusafiri kwa kebo hadi kwake ni karatasi ya kipimo, ili bingwa aliyeko Muhimbili au Mbeya aisome na kumwambia daktari kijana aliyeko zamu aanze dawa. Picha ya simu inatosha kwa kazi hiyo.

Niliposema mkono nilikuwa nawafikiria wale ambao tayari wanafika kwenye maabara tulizo nazo, pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Nairobi, Mulago na kwingineko. Kitanda ambacho mgonjwa wa kinena hukikalia usiku kucha, mgonjwa wa mkono anaweza kukiacha mapema, na mwingine akalala. Katika nchi yenye foleni, hilo ni ongezeko la vitanda bila kujenga ukuta. Patel alitibu katika mji wa foleni, ndiyo sababu namwona ni wetu zaidi kuliko yule wa picha ya hekaluni. Lakini sikukusudia kusema mkono unatosha, na kama nimeandika hivyo, nimeandika vibaya.

---

Fundi wa Mitambo

Naongeza jambo moja kuhusu umbali. Tuliyo nayo tayari, na haitumiki vya kutosha, ni kebo ya kusikia. Bingwa anaweza kuiona picha ya mtambo moja kwa moja akiwa mji mwingine na kumwelekeza kijana kwa maneno tu: vuta kidogo, zungusha, sasa leta puto. Hakuna kaseti inayotupwa. Mikono ya kijana inabaki kuwa mikono yake, na baada ya wagonjwa mia haitamhitaji tena yule wa kwenye simu. Roboti inamwacha kijana akiwa mbadilisha kaseti.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Fundi, hilo sisi tunalifanya kwa simu ya daktari iliyoegemezwa kwenye boksi la glavu, na siku chaji ikiisha tunajua.

Niage, zamu yangu inaanza saa moja jioni. Ratiba ya leo ina wagonjwa wanne. Watatu ni wa mkono. Wa nne ni wa kinena, si kwa kupenda: alipigwa picha za mishipa mahali pengine mwaka juzi kupitia mkono wa kulia, wakambana bangili usiku kucha bila kuilegeza, na leo asubuhi nilipomshika kifundo kutafuta mapigo sikuyapata. Wa kushoto nao ni mwembamba mno. Nitakuwa nafunua shuka kila nusu saa.